Chumba cha Matofali Mantapala

Mfuko wa mama wa kurudi Pweto ulikuwa chini ya kitanda chake, umefungwa kwa kamba, na kilichouzuia usitoke ni likizo ya dada yangu Colette tu. Mama aliniambia bila kuzunguka. Colette akija na mume na watoto, wakalala katika chumba alichowajengea, yeye atabaki hapa Mantapala, upande wa Zambia. Wakilala lodge huko Kashikishi kama watalii, atajua kwamba hapa si nyumbani, ni kambi tu, naye hataki kuzeekea kambini. Atavuka na wale wanaorudi Congo. Nikamkumbusha kwamba kijiji chetu kilichomwa, na waliokichoma bado wako porini. Akasema anajua, akaendelea kuchambua maharagwe.

Chumba chenyewe alikijenga kwa mikono yake. Alikanyaga udongo, akachoma matofali, akanifukuza nilipotaka kumsaidia, eti mikono yangu inanuka samaki. Ni kweli inanuka. Nauza samaki, sasa inuke nini?

Kwa hiyo siku wageni walipofika kutoka Lubumbashi, roho yangu ilikuwa juu juu. Colette alishuka garini akilia, na watoto wake wawili wakamrukia bibi yao. Mume wake, Zéphirin, tulikuwa hatujawahi kumwona kwa macho. Walioana Lubumbashi mwaka ule sisi tunakimbia, na mama alisikia harusi ya binti yake kwenye simu, akiwa kwenye foleni ya blanketi. Mkwe huyo alikuwa mrefu, viatu vinang'aa. Alipiga magoti nje ya uzio, akapiga makofi ya heshima, macho chini, kisha akarudi kuegemea gari.

Mama alimkaribisha. Hakuingia. Nikamwekea kiti kwenye kivuli cha nyumba, akakihamishia barabarani. Nikampelekea bukari, ugali wetu, na samaki, akashukuru na kusema ameshiba. Mtu ametoka Lubumbashi tangu jana, ameshiba nini, vumbi?

Halafu akatoa simu na kuanza kutuonyesha ramani. Mipango yao ilikuwa mizuri, sikatai. Wangekwenda Mwansabombwe kuona ngoma ya Mutomboko, wangekwenda kwenye maporomoko ya Ntumbachushi, wangevuka ziwa hadi kisiwa cha Kilwa, na siku moja wangerudi kushinda na mama. Safari zote zianzie Kashikishi, alisema, kwa sababu kule kuna lami, umeme na mashua. Colette akamjibu kwamba walikwisha kukubaliana watakaa kwa mama na kutokea hapo, barabara iwe mbaya isiwe mbaya. Zéphirin akarudia lami, umeme, mashua. Colette akamuuliza kama anaona haya kulala kwa wakwe zake wakimbizi. Zéphirin akabaki kusogeza ramani kwa kidole.

Mama alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha chumba kipya, ufunguo wa kufuli mkononi. Ndani mikeka ilikuwa imetandikwa tangu asubuhi.

"Muache bende," alisema. "Mi pia nitaenda."

Colette alidhani mama anataka kuwafuata Kashikishi, akatabasamu. Mimi nilijua anasema Pweto.

Dereva waliyemkodi akawasha gari. Hapo hasira ikanipanda, nikatoka hadi barabarani na kumvuta Zéphirin pembeni.

"We unatuzarau," nilimwambia. "Juu ya hii nyumba ya bakimbizi."

Aligeukia gari, nikadhani ataingia aondoke zake. Kisha akasema kwa sauti ya chini sana.

"Fidélie, mi mutu wa Kasenga, bibi yangu njo alinilea. Mama mukwe hayanipikia. Namna gani nitakula kwake? Namna gani nitalala mu nyumba yake?"

Nilisimama pale kama mjinga. Nilikuwa ninayajua hayo tangu utoto. Kwetu, kama kwao Kasenga, mkwe hali chakula cha mama mkwe wala halali chini ya paa lake mpaka siku anapopikiwa rasmi: kuku mzima, samaki mzima, vyungu vimefunikwa na kubebwa na wanawake wengine hadi mbele yake. Akishakula hapo ndipo ameingizwa, ni mtoto wa nyumba. Pweto tulimfanyia hivyo mume wa shangazi, na mimi nilibeba chungu. Lakini huku watu wanaoana kwa unga wa msaada na kuhamia, basi. Tulisahau wote.

Nikamuuliza kwa nini hakusema.

"Nimulombe mama chakula? Atapata wapi kuku? Afazali baseme mi naringa."

Nilirudi mbio nikamwambia mama. Aliufumbata ufunguo mkononi, akanitazama, na nikaona aibu ikipita usoni mwake, na nyuma ya aibu kitu kingine ambacho sikuwa nimekiona kwa miaka.

"Myaka yote mi najiona mukimbizi tu," alisema. "Ye ananihesabu mama mukwe."

Akasimama. Akaagiza gari lizimwe.

Dereva alilalamika kwamba jua linashuka na barabara ina mashimo. Nikamwambia akae, na kama ana haraka atembee. Jirani yetu Rosalie akaleta unga, jirani mwingine, Eness, akaleta vyungu, mimi nikamtoa samaki mkubwa niliyekuwa nimemtunzia mteja wangu wa Kashikishi. Kuku alikuwa wa mama, yule mmoja aliyebaki. Colette alipuliza moto huku akilia tena, safari hii kwa sababu alikuwa amemtukana mumewe bure.

Vyungu vilipotoka, mama alijificha nyuma ya nyumba, maana mama mkwe hamtazami mkwe akila. Aliniuliza mara kwa mara kama mkwe amefunua. Nilichungulia. Zéphirin alikuwa amekaa mkekani nje ya uzio, mikono mapajani, na vyungu mbele yake vimefunikwa bado. Rosalie aliimba, Zéphirin hakusogea. Niliogopa kwamba tumechelewa, kwamba moyo wake ulikwisha kujifunga kwa maneno ya Colette na yangu.

Kisha tukasikia mfuniko ukigonga chungu. Mama akashika ukuta.

Zéphirin alikula hadi mifupa. Alipomaliza alinawa, akaenda kwenye gari, akatoa masanduku yote mawili, akavuka uzio nayo na kuinama mlangoni pa chumba cha matofali kabla ya kuingia. Dereva alipouliza habari za Kashikishi, Zéphirin alimjibu kutoka ndani kwamba aje kesho awachukue hapa, watakwenda kuogelea na kurudi.

Mama aliingia chumbani mwake. Nilimsikia akiuvuta ule mfuko kutoka chini ya kitanda, nikamkimbilia. Nilipofika mlangoni alikuwa amepiga magoti anahangaika na fundo la kamba.

"Nisaidie," alisema. "Blanketi zote za muzuri niliwekaka humu."