Darasa la Juu la Chumvi

Mwezi wa Juni, mbuga ya Bahi inapokauka, udongo wa juu huwa mweupe, na anayetaka chumvi njema huukwangua asubuhi kabla upepo haujaupeperusha. Loisi aliukwangua kwa kipande cha kibuyu, si kwa jembe, kwa sababu jembe huchota na uchafu wa chini. Alijaza vikapu viwili, akavipeleka kwenye vichujio vyake sita, akamwaga udongo, akamimina maji, akakaa kusubiri. Kichujio chenyewe kilikuwa gome la mti lililokunjwa, likatandikwa majani ndani na kuinuliwa juu ya vijiti vinne, na chini yake chungu. Maji yalishuka tone moja moja. Mtu asiye na subira afadhali akafuge mbuzi.

Saa tisa alasiri walimu walifika. Walikuwa wanne, wote marehemu, na wa kwanza kuketi alikuwa mama yake Loisi, aliyefariki miaka mitatu nyuma kwa homa ya mapafu. Walikaa juu ya vyungu vya zamani vilivyopinduliwa, wakanyoosha miguu, wakaonja matone ya kila kichujio.

Mpango huo ulikuwa wa siku nyingi hapo Bahi. Wanawake walio hai walifundisha darasa la chini: kukwangua, kuchuja, kupika. Darasa la juu lilifundishwa na waliokufa, kwa sababu lilidai muda, na wao ndio waliokuwa nao. Lilichukua viangazi saba. Mwanafunzi alijifunza kuutambua udongo kwa ulimi, akajifunza ni kitu gani hutoka kwanza ndani ya maji na kipi hufuata, akajifunza moto wa kila kuni. Kiangazi cha saba alitakiwa kuleta jambo moja ambalo hata marehemu hawakulijua, akalitetee mbele yao. Wengi waliishia kiangazi cha tano wakaolewa mbali. Loisi alikuwa katika kiangazi chake cha saba, na mwaka ulikuwa 1912.

Padri wa misheni, aliyembatiza, alikuwa na habari za walimu hao. Aliuliza tu kama wanafundisha Jumapili. Loisi akamwambia Jumapili hawaji, na padri akaridhika.

Kulikuwa na sharti moja. Marehemu walikuja mahali penye kitu kinachochujwa, maji yakidondoka. Pasipo na tone, hawakuja. Ndiyo maana Loisi alivitunza vichujio vyake kuliko alivyoitunza nyumba. Alimpenda mama yake, na alasiri zile ndizo alizobaki nazo.

Mwezi huohuo gari moshi lilimshusha Bahi Mdachi mmoja kutoka Ujerumani, wa miaka ishirini na sita, mwenye jina lililowashinda watu. Alishuka na makasha kumi na moja ya chupa, wakamwita Bwana Chupa. Huko kwao alikuwa amemaliza masomo ya kwanza ya kemia na sasa alitafuta shahada ya juu. Kwa shahada hiyo hakutakiwa kurudia yanayojulikana. Alitakiwa kuleta jambo moja jipya na kulitetea mbele ya walimu wake. Wakati huohuo boma la serikali lilimpa kazi ya kupima chumvi ya wenyeji, iwapo inawafaa binadamu. Alifuatana na Hamidi, mtu mzima wa Kondoa, aliyebeba mizani kwenye kasha lenye pamba na kumsaidia lugha pale ilipomkwama.

Bwana Chupa alikuwa mtu makini. Alichukua maji kwenye kichujio cha Loisi kwa ruhusa yake, akayachemsha katika bakuli jeupe hadi yakakauka kabisa, akayapima yaliyobaki, akayachoma kwenye moto na kutazama rangi ya ndimi zake. Vipimo vilionyesha uchungu mwingi, mbaya kwa tumbo. Akaandika hivyo kwenye karatasi moja, akatia sahihi, na gari moshi la Alhamisi likaichukua.

Baada ya siku tisa amri ilifika, na jumbe Matonya, mkuu wa kijiji, akaisoma mbele ya watu bila kuinua macho. Kupika udongo wa chumvi kulipigwa marufuku kwa ajili ya afya za watu. Mwisho wa Julai askari wangekuja kung'oa vichujio. Chumvi safi ingeletwa kwa mabehewa na kuuzwa stesheni.

Loisi hakwenda kwa jumbe kulia. Alikwenda moja kwa moja kwenye hema la Bwana Chupa.

"Mbukwenyi," akawaamkia kwa Kigogo.

"Mbukwa," Hamidi akaitikia kwa niaba ya hema zima.

"Bwana, yale maji yangu uliyapika hadi wapi?"

"Hadi yakauke," Bwana Chupa akasema.

"Yakauke kabisa?"

"Kabisa. Ndivyo tulivyofundishwa. Ukimwaga kitu, kipimo kinaharibika."

"Basi ulipika na uchungu wake. Chumvi hutangulia kutoka, uchungu hutoka mwisho. Sisi maji ya mwisho tunayamwaga. Hilo ni la darasa la chini, bwana. Hata binti wa miaka kumi analijua."

Hamidi alianza kutafsiri, kisha akaacha, maana masikio ya bwana yalikuwa yamekwisha kuwa mekundu.

"Barua imekwenda," Bwana Chupa akasema.

"Utaandika nyingine. Lakini kwanza uje ujifunze."

Alikuja kesho yake, saa tisa, na daftari lake. Hamidi aliwaamkia marehemu, "Shikamooni," nao wakaitikia marahaba. Bwana Chupa alivua kofia. Mama yake Loisi akamuuliza amesoma nini huko kwao, naye akajibu kwa unyenyekevu: kupima uzito, kutenganisha vilivyochanganyika, kuunda kipya kutokana na viwili vya zamani, kusoma rangi za moto, na kuandika yote hayo ili mwingine aweze kuyarudia.

"Na kuonja?" akauliza bibi yake jumbe Matonya, mmoja wa wale wanne, ambaye alikuwa mkali alipokuwa hai na akaendelea kuwa mkali.

"Kuonja tunakatazwa. Mwalimu wetu mmoja alionja akafa."

"Na baada ya kufa alifundisha?"

"Hapana."

Wakamtia darasa la chini. Hakununa. Kwa wiki mbili alikwangua udongo na mabinti, akapika, akamwaga maji ya mwisho kabla hayajakauka, na chumvi iliyobaki ilikuwa njema kama ya binti yeyote wa miaka kumi. Aliipima mara nane. Aliandika kurasa nyingi, akawa analala na wino vidoleni.

Tarehe ishirini ya Julai Loisi alitetea jambo lake. Upepo wa baridi wa mwezi huo, unaowatia watu wa Bahi kikohozi, ulikuwa umempa wazo. Kabla ya kupika, aliyaacha maji ya kichujio nje, kwenye vyungu vipana, hadi asubuhi. Baridi iliugandisha uchungu chini ya chungu, vipande virefu vinavyong'aa, na chumvi ikabaki ndani ya maji. Ndipo akayamimina na kuyapika. Maji ya mwisho ya kumwagwa yalikuwa machache. Uchungu ulikuwa umeondoka wenyewe, na vipande vyake vilifaa kufulia nguo.

Marehemu walimhoji hadi jua likaegemea. Bibi yake Matonya akauliza kwa nini chumvi nayo isigande. Loisi akasema, "Chumvi haijali baridi, bibi. Moto na baridi kwake ni mamoja. Uchungu ndio unaojali." Aliwaonyesha vyungu vitatu vya siku tatu tofauti, baridi kidogo, baridi zaidi, baridi kali, na uchungu uliozidi kila baridi ilipozidi. Wakamuuliza Bwana Chupa mizani yake inasemaje. Akasema mizani inasema kama Loisi asemavyo, na kwamba katika vitabu alivyosoma hakuna aliyelifanya hilo na udongo wa Bahi.

Wale wanne waliinamisha vichwa wakashauriana. Kisha mama yake alichota chumvi ile, akaiweka kiganjani mwa Loisi, akamfumba vidole. Hakuna cheti kingine katika darasa hilo. Loisi alifurahi hata akakosa pa kuiweka mikono, na mama mtu akajifanya anaangalia mbuzi ili asionekane anavyotokwa na machozi.

Bwana Chupa naye aliandika ripoti ya pili, kurasa kumi na nne, akaipeleka bomani mwenyewe. Alieleza kwamba kosa lilikuwa lake, kwamba chumvi ya Bahi ni safi kuliko anayokula yeye mezani, na kwamba wanaoipika wanajua kazi kuliko yeye. Bwana shauri, mkuu wa boma, aliisoma yote. Alikuwa mtu mpole aliyechoka.

"Mashahidi wako ni kina nani?"

Bwana Chupa akataja majina matano. Karani akapekua orodha ya wakazi, akampata mmoja tu, Loisi.

"Na hawa wanne?"

"Wamekufa."

Bwana shauri akatikisa kichwa kwa huruma. Hakuwa na neno na waliokufa. Baba yake mwenyewe, aliyezikwa huko Ujerumani, alimtembelea kila Jumatano kumkosoa mwandiko. "Lakini wafu hawamo kwenye orodha," akasema, "na asiyekuwamo hashuhudii. Tena barua yako ya kwanza imeshagongwa muhuri, na mabehewa yameshaagizwa. Hii ya pili ni nzuri sana. Ni elimu. Ipeleke chuoni kwenu."

Baadaye akaipeleka chuoni kwao. Walimu wake wakaisifu, wakamwita akaitetee, wakampa shahada ya juu. Ukurasa wa kwanza wa kitabu chake ulikuwa na majina matano ya wanawake wa Bahi, manne yakiwa na alama ya msalaba mdogo, kama Wadachi wanavyowaandika marehemu wao. Nakala moja ilitumwa bomani, ikawekwa kabatini kando ya barua ya kwanza, na zote mbili zikabaki na nguvu zake.

Lakini mwisho wa Julai hiyohiyo, kabla ya hayo ya chuoni, askari wawili walifika. Walikuwa na adabu. Mmoja alimwomba mama yake Loisi ainuke kwenye chungu ili akivunje, naye akainuka. Waling'oa vijiti, wakachana magome, wakamwaga maji. Tone la mwisho lilipokauka, wale wanne hawakuwapo tena, na mama hakuwahi hata kuaga. Loisi aliumia. Alirudi nyumbani akalala chali juu ya ngozi mchana kutwa, mwenye shahada ya juu na asiye na kichujio hata kimoja.

Chumvi ya mabehewa ilifika Septemba. Muuzaji wake stesheni alikuwa Makame, kijana msafi wa maneno mengi, aliyeipenda kazi yake. Loisi alinunua kibaba, akaonja palepale. Ilikuwa chungu. Huko ilikotoka walikuwa wamekausha maji yote hadi mwisho, kwa kuwa hata uchungu una uzito na unauzika.

Nyumbani aliikoroga ndani ya maji, akayapitisha kwenye kitambaa cha kaniki kilichofungwa juu ya chungu, yakaanza kudondoka tone moja moja. Amri ilikataza kupika udongo. Juu ya kupika chumvi haikusema neno. Saa tisa alasiri mama yake alikuwa amekaa kando ya mafiga, akinyoosha miguu.

"Nani kaharibu chumvi hii?" akauliza.

"Serikali, mama."

"Lete nionje tena."

Hadi mvua za kwanza, kila nyumba ya Bahi ilikuwa na kaniki juu ya chungu, na Loisi alizunguka akifundisha kuipika upya na kumwaga maji ya mwisho yenye uchungu. Alifundisha kwa sauti ya mtu ambaye hana shaka, na hakukosea hata mara moja. Marehemu waligawana nyumba. Bibi yake Matonya alichukua nyumba ya jumbe, na jumbe akaanza kuamka mapema.

Julai iliyofuata boma lilimwandikia Makame. Bwana shauri alitaka kujua kama watu wanairidhia chumvi mpya, maana ripoti ile ya pili ilikuwa imemkaa moyoni. Kama kungekuwa na malalamiko ya kweli, aliandika, angeiomba Daressalama iifikirie upya amri na kuwarudishia wanawake mbuga yao.

Makame alikuwa mtu wa haki. Hakutaka kujibu kwa kukisia, wala yeye mwenyewe hakuwahi kuila chumvi anayoiuza, kwa kuwa chakula chake kilitoka kwa mpishi wa reli. Alikwenda kuonja majumbani. Alianza kwa Loisi, mnunuzi wake mkubwa, naye Loisi akamkaribisha kama mgeni anavyokaribishwa: ugali wa uwele, mlenda, na nyama ya mbuzi iliyochomwa na kunyunyizwa chumvi nyeupe iliyopita kwenye baridi ya usiku mara tatu.

"Hii ni chumvi ya stesheni?" Makame akauliza, mdomo umejaa.

"Tumeinunua kwako, baba. Hatuna nyingine."

"Wanaosema ni chungu wana ndimi mbovu," akasema, akachukua kipande kingine. Nyumba ya pili alikula vilevile, na ya tatu, na ya tisa. Jioni aliandika kwa mwandiko mzuri kwamba ameonja kwa ulimi wake katika nyumba tisa na hakuna chumvi njema kama hiyo nchini kote. Bwana shauri akashusha pumzi, akaiongeza amri miaka mitano.

Jumbe Matonya aliisoma tena mbele ya watu. Loisi alisikiliza hadi mwisho, akarudi nyumbani, akakuta kaniki inadondosha na mama yake akiionja.

"Ulimlisha vizuri mno yule kijana," mama akasema.

Loisi akakaa chini, akakoleza moto.

"Sasa mama, mimi na shahada yangu hii, ningempikia vibaya?"