Nyumbani Bado Hawajajua

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu roboti aliyeachishwa kazi kwenye tamthilia ya runinga. Ndugu zangu wa Mbeya walipouliza nasomea nini hasa, niliwajibu "elimu ya jamii," wakatikisa vichwa kwa heshima.

Tamthilia yenyewe inaitwa *Kiwanda cha Mvua*. Humo, kwenye sayari ya mbali, mvua hutengenezwa kiwandani, na Namba Tisa, roboti wa zamu ya asubuhi, anapoachishwa kazi, anaendelea kwenda kila siku kusimama nje ya geti mpaka jioni. Sehemu ya nne mlinzi anamuuliza kwa nini haendi zake. Namba Tisa anajibu, "Nyumbani bado hawajajua."

Hapo ndipo nilipopiga kambi. Tangu lini roboti akawa na kwao? Sura ya tatu nzima ilikuwa inajibu swali hilo. Nilidai kwamba kazi ndiyo inayompa mtu kwao, na asiye na kazi hana kwao hata awe na ufunguo wa mlango mfukoni. Jioni nilimsomea mume wangu Anold sura hiyo, aya kwa aya, huku nikimpigia pasi ovaroli yake ya bandarini hapa Mtwara. Yeye alikula ugali wake taratibu.

"Umeandika vizuri, mama Faraja," alisema. "Ila mbona umemkalia kooni huyo roboti?"

Nikamwambia sayansi haina huruma.

Kisha msimamizi wangu, Dokta Uzma, akaniita ofisini. Yeye alikuwa ameiangalia tamthilia yote kwa Kiingereza, kalamu mkononi.

"Glory, haya maneno umeyatoa wapi? Sehemu ya nne roboti hasemi chochote. Mlinzi anauliza, yeye anaangalia geti, basi."

Mimi nilikuwa nimeangalia iliyotafsiriwa. Wengi wetu ndivyo tunavyoangalia: DJ anaongea Kiswahili juu ya sauti za waigizaji na kutia chumvi yake. Wangu alikuwa DJ Msumeno, ambaye sauti yake ilipitishwa kwenye mashine hadi ikawa kama ya mtu anayeongea ndani ya pipa. Dokta akanipa wiki moja nithibitishe chanzo, la sivyo niifute sura ya tatu. Bila sura ya tatu, tasnifu yangu ilibaki na utangulizi na shukrani.

Nikaenda dukani kwa Kumail, anayeuza filamu za Msumeno na vioo vya simu, nikiwa na hasira za kumkunja mtu shati. Kumail akanionyesha kwa kidole chumba cha nyuma.

"Msumeno yumo, dada, ila anarekodi. Usigonge, fungua polepole."

Nikafungua polepole. Mwanamume alikuwa amenipa mgongo, spika za masikioni kichwani, maiki mbele yake. Ukutani ilining'inia ovaroli ya bandarini, mkunjo wa pasi bado umesimama. Pasi yangu naijua, na mgongo ule ulikuwa wa Anold.

Nilikasirika, tena sana. Mwezi wa tano Anold aliniambia wamepakia korosho kutwa nzima, nami nikampa pole, wakati Mtwara nzima inajua mwezi huo korosho zimeshaondoka; kumbe kazi ya bandari ilishamtoka. Mtafiti mimi! Maneno ya roboti wa bati niliyachambua, ukimya wa mume wangu ukanipita. Halafu nikakumbuka ile sentensi ya ufunguo mfukoni, jinsi nilivyoirudia mara mbili kwa kuwa niliipenda, na yeye akameza tonge bila kuniomba niache. Hasira ikageuka uchungu.

Kwenye kompyuta, Namba Tisa alikuwa amefika mlangoni kwenye nyumba fulani, amelowa chapachapa. Mwanamke akafungua, akamtazama. Anold akasogelea maiki, asiseme kitu. Akarudisha picha nyuma, akajaribu tena, akashindwa tena. Ndipo alipogeuka akaniona, akavua spika.

"Mama Faraja."

"Huyo mwanamke anasemaje hapo?" nikamuuliza.

"Kwa Kiingereza hasemi kitu. Anamtazama tu."

"Na DJ anasemaje?"

"DJ amekwama tangu asubuhi."

Nikaitungua ovaroli ukutani, nikaikunja vibaya makusudi, nikaisokomeza kwenye mkoba juu ya kurasa za sura ya tatu. Kisha nikainamia maiki.

"Ingia ndani," nikasema. "Nyumbani wameshajua."