Samaki wa Shimoni

Maji ya ziwa yalipoanza kushuka, Angèle alidhani ni kiangazi tu. Lakini mvua zilirudi, ziwa halikurudi. Pale tilapia walipozoea kuchimba viota vyao, kwenye maji ya magoti, vilibaki vishimo vikavu, vya mviringo kama sahani. Samaki walihamia kilindini, wavuvi wakawafuata. Wamama waliokuwa wakiuza samaki pamoja naye wakaenda sokoni Birere mmoja mmoja. Akabaki yeye na binti yake Deborah, basi.

Asubuhi moja aliamka: mutoto hayupo, basini ya samaki haipo.

Alikimbia juu ya mawe ya volkano mpaka kwenye shimo ambalo ziwa lilikuwa limeliacha nyuma. Chini, ndani ya maji kidogo, tilapia walikuwa wamejazana, vinywa juu, wakihema. Deborah alikuwa ameshateremsha mguu mmoja.

"Usiiname! Deborah, toka humo!"

"Mama, ni samaki ya bure! Wanajileta wenyewe!"

"Kuku ya jirani, papa Munguakonkwa, nayo ilijileta. Iangalie."

Kuku ililala kando ya maji, imekufa bila jeraha.

"Ilikunywa kasiksi, imelewa," Deborah akacheka. Lakini akatoka.

Angèle hakuzaliwa ziwani; alitoka Masisi, kwenye ng'ombe. Ila mwaka aliofika Goma alifundishwa mazuku: hewa mbaya inayolala mashimoni asubuhi, kabla ya upepo, na haina harufu. Alifunga karatasi kwenye kijiti, akaiwasha, akaishusha polepole. Ilipofika usawa wa magoti ya mtu aliye chini, moto ukazimika ghafla.

"Umeona? Ukisimama, unaweza kupona. Ukiinama kuokota samaki, hauinuki tena."

Deborah hakucheka.

Tangu siku ile, mutoto akienda masomo, Angèle anakaa kwenye ukingo wa shimo na kiberiti chake mpaka upepo uje. Wapitaji wenye basini wanamcheka: "Mama wa Masisi, sasa unachunga samaki?" Anawasha karatasi, anaishusha, inazimika, wanaondoka. Munguakonkwa aliahidi kuleta watu walijaze shimo mawe. Hajaja.

Asubuhi nzima hana wa kuongea naye. Anasikiliza tilapia wakihema, kila siku wachache zaidi.

Jana maji yalishuka tena. Hatua ishirini mbele, shimo lingine limeanza kujitenga na ziwa, limejaa samaki. Mashimo sasa ni mawili, na yeye ni mmoja.