Ndizi ya Mwika

Baba yangu, Kornel, ni mbishi, na ubishi wake nimeurithi mzima. Ugonjwa wa mnyauko ulipoingia kihambani, shamba letu la nyumbani huko Kilema, wakati kahawa nayo imeporomoka bei, migomba ya pombe yetu ya mbege ilinyauka na kuanguka mmoja baada ya mwingine. Ikabaki safu moja tu, iliyotia kivuli kaburi la mama yangu.

Baba akasema ataenda Mwika kwa dada yake Aikande, aliyeolewa huko kwa Walutheri. Ndizi ya ukoo wa mumewe ilikuwa bado imesimama. Wazee wa kule walijisifu kwamba ni aina nyingine kabisa, ilikuja na mababu zao kabla ya wamisionari.

"Subiri, baba," nikamwambia. Nilikuwa nafanya kazi maabara, nikipima vinasaba vya migomba. "Nipe majani ya huku na ya kule niyalinganishe."

"Majani yatasema nini, Flavia, ambacho wazee hawajasema?"

Nikamweleza. Mgomba huzaliwa kwa chipukizi, kama sala inayonakiliwa kwa mkono. Mara chache sana anayenakili hukosea herufi, na kosa hurithiwa. Tukijua makosa huja kwa kasi gani, tukihesabu tofauti za nakala mbili, tunakadiria zilitengana lini. Ndizi ya Mwika ikiwa ya kale hivyo, tofauti zitakuwepo, na huenda inastahimili ugonjwa.

Akanipa majani ya pande zote mbili, lakini kungoja kukamshinda. Aliifyeka ile safu iliyokuwa nzima ili apate nafasi, akapanda machipukizi ya Mwika palepale.

Sikukuta tofauti hata moja. Nikarudia kipimo huku nikiitukana mashine, kwa sababu niliogopa. Migomba iliyoachana enzi za mababu isingefanana hivyo. Hii iliachana juzi, ndani ya umri wa mtu, na Mwika ilipona kwa kuwa ugonjwa haujafika tu.

Niliporudi nyumbani na majibu, machipukizi yalikuwa yamekwisha kugeuka njano. Shangazi Aikande alikuwepo. Nikamwamkia, nikasema yote bila kupunguza neno. Akaketi chini.

"Ya kwao ilikauka kwa ukame, mwaka nilioolewa," alisema. "Mama mkwe akalia kwa aibu, eti ukoo gani hauna ndizi yake? Nikaomba machipukizi kwa mama yetu, Kornel. Niliapa sitasema."

"Hata nilipokuja kuomba?"

"Hata ulipokuja. Nilitumaini udongo wa kule umeibadilisha."

Nilimchukia siku ile, sifichi. Jumapili akarudi na jani la isale lililofungwa fundo. Kwetu, aliyeletewa isale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Baba akalipokea kwa mikono miwili.

"Nimekusamehe, dada," akasema. Kisha akaligeukia kaburi la mama, saruji imepauka kwa jua. "Lakini huyu nimemwanika mimi mwenyewe. Isale yangu nitampa nani?"