Sifuri Kumi na Moja

Mwaka 1995 taasisi moja ya utafiti wa jamii mjini Mwanza ilipunguziwa fungu la maktaba. Mkurugenzi, Muganyizi, akamwita mkutubi wake, Kemilembe.

"Tunapokea majarida sitini. Nihesabie makala za watu wa ziwa hili katika kila moja. Yatakayokuwa nazo ndiyo tutakayobaki nayo."

Kemilembe alipekua wiki tatu. Aligundua jambo lililomfurahisha mno: majarida sita tu yalibeba karibu nusu ya makala zote za ziwa. Mengine yalikuwa na moja hapa, mbili pale. Alipofikia kumi na moja ya mwisho, membamba, yaliyofungwa kamba kabatini, alikuwa amechoka, tena aliona jibu analijua. Hakuyafungua. Akaandika sifuri mara kumi na moja.

Aliposoma orodha yake kikaoni, watafiti walimpigia makofi. Barua za kusitisha majarida yaliyopata sifuri zikapelekwa posta siku hiyohiyo.

Mlangoni alimkuta Hellen Chenge, mtafiti kijana aliyekuwa akivuka kila mara kwenda Sengerema kuongea na akina mama wauza samaki, waliokosa sangara tangu viwanda vianze kuwanunua wote. Mkononi alishika ile orodha.

"Dada Kemi, hili jarida lililotoa makala yangu, uliliangalia?"

"Niliangalia yote."

"Haya, dada," Hellen alisema, macho yakiwa bado kwenye sifuri.

Kemilembe alirudi kabatini akakata kamba. Makala ilikuwamo, kurasa ishirini. Mwishoni Hellen alimshukuru mchuuzi mmoja wa Sengerema, kisha mama yake mzazi, kisha "Kemilembe, mkutubi, aliyenitafutia kila nilichoomba." Kemilembe alikaa chini sakafuni, uso ukimwaka moto.

Aliyafungua yote. Yalikuwa na makala tisa.

Asubuhi alimweleza Muganyizi. "Makofi tulipiga wote," mkurugenzi alijibu. "Basi utawaambia wote."

Akawaambia kikaoni, amesimama. Kisha akawaandikia wahariri kumi na mmoja, akiomba, kwa kuwa fedha hazikuwepo, wabadilishane majarida yao kwa ripoti za taasisi. Watatu walikubali. Jarida lililotoa makala ya Hellen halikuwamo.

"Yameisha, dada," Hellen alimwambia kwa upole.

Lakini tangu hapo alijitafutia mwenyewe, rafu hadi rafu, bila kumwuliza kitu. Kila Hellen alipoingia, Kemilembe aliinamia kadi zake, akijifanya anasoma.