Somo la Msuguano Jikoni kwa Warda

Abdelhafid hakuwa amekanyaga nyumbani kwa Warda tangu waachane. Ijumaa ile alikuja kwa sababu binti yao, Wassila, alikuwa amefeli fizikia na mtihani wa marudio ulikuwa Jumapili, wiki ya shule ikianza. Mji mzima wa Constantine ulimjua Abdelhafid kuwa mwalimu mkali wa somo hilo.

"Karibu, Mwalimu," Wassila alimwambia mlangoni. Hakusema Baba.

Walikaa jikoni. Warda aliosha sahani za kuskusi akiwapa mgongo.

Swali lilikuwa la vipande viwili vya mbao juu ya meza, cha kilo mbili kikiwa juu ya cha kilo tatu, vimeunganishwa kwa kamba iliyozunguka kapi ukutani. Kizigeu cha msuguano kilikuwa sifuri nukta mbili kila mahali. Cha chini kivutwe kwa nguvu gani ndipo kianze kutembea?

"Nyutoni kumi na nne," alisema Wassila.

"Umekosea."

"Wapi?"

"Tumia kichwa. Au umerithi cha mama yako?"

Warda hakugeuka. "Fundisha au ondoka."

Abdelhafid akavua kamba ya kiatu chake. Alipanga vibao viwili vya kukatia mboga, kimoja juu ya kingine, akatua mfuko wa sukari juu yavyo. Kamba akaizungusha kwenye komeo la dirisha, ncha moja akaifunga kibao cha juu, ya pili cha chini.

"Vuta cha chini."

Wassila akavuta. Cha juu kikaenda upande wa pili, kikikwaruza.

"Nini kinakuzuia?"

"Meza. Na kamba." Akavuta tena, polepole. "Na hiki cha juu, kinasugua cha chini kukirudisha nyuma. Msuguano huo sikuuhesabu."

"Basi andika."

Akaandika kumi za meza, nne za kamba, nne za kibao cha juu. Kumi na nane.

"Nilijua wewe si mjinga," alisema Abdelhafid, akinyoosha mkono amshike bega.

Wassila akasogeza kiti. "Ulijua lini? Mwaka mzima ulikuwa wapi?"

"Mama yako alinifungia mlango."

"Na simu, nayo alikufungia?"

Abdelhafid akaanza kufungua kamba yake komeoni. Warda alimwekea koti lake mezani. "Somo limekwisha."

Wassila alifaulu. Hakumpigia baba yake kumwambia. Abdelhafid alizipata habari katika chumba cha walimu, mwenzake alipompa pongezi mbele ya watu, naye ikambidi ajifanye alikuwa anajua.