Mwani wa Nusu kwa Nusu

Marehemu Bwana Idarusi wa Pongwe alikuwa mume mwadilifu kupita kiasi, na uadilifu wake ndio uliokuja kumponza Semeni. Kila samaki aliyeingia nyumba ile alipasuliwa kwa urefu, kuanzia mdomoni hadi mkiani, ili kila mke apate jicho lake. Kanga zikinunuliwa, alizipima kwa mkono mbele ya wake zake wote wawili, ingawa zilitoka kiwandani na urefu mmoja. Hata siku ya kufa alikata roho akiwa chali, asije akampa mmoja wao mgongo. Kabla ya hapo alimshika mkono Semeni, mke mkubwa, akamwambia kwa sauti kidogo iliyobaki, "Mwenzio usimdhulumu."

Semeni akaapa. Kiapo hakikumsumbua sana, mpaka chuo kikuu kilipoleta ng'ombe.

Aliyewaleta ni Najat, binti wa Pangani anayesomea mambo ya mifugo. Utafiti wake, kwa heshima zote, ulihusu mbweu. Ng'ombe akila hupiga mbweu. Mbweu zina gesi. Gesi hupanda juu na kuizidishia dunia joto. Pongwe ilikuwa imekwisha kupata sehemu yake ya joto hilo na zaidi: mvua za vuli hazikuonekana, na majani ya kando ya njia yalikuwa na rangi ya mkeka mkuukuu. Najat alitaka kujua kama mwani mkavu, ukichanganywa na pumba, unapunguza mbweu. Nyumba chache zikapewa ng'ombe wawili wawili wa maziwa. Mmoja ale mwani, mwenziwe asionje kabisa, kisha walinganishwe.

"Na mwisho wake?" Semeni aliuliza.

"Mkilishika sharti, ng'ombe ni wenu, Bi Semeni, mwani ufaulu usifaulu. Mkilivunja, chuo kinawachukua."

Ng'ombe wa mwani akaangukia kwa Semeni, akamwita Malkia. Wa pili akawa wa Saleha, mke mdogo, naye akamwita Bi Harusi. Kwa Semeni maziwa ya Malkia ndiyo yaliyokuwa unga, sabuni na dawa ya presha. Hakuwa na mtoto wala shamba.

Taabu ilianza horini. Kila Malkia alipowekewa mwani wake, Bi Harusi alinyoosha shingo juu ya ukingo akanusa, kwa uso wa mtu anayesikia harufu ya pilau la arusi asiyoalikwa.

"Kwa hiyo wako anaandaliwa, wangu anatazama," Saleha alisema.

"Ni utafiti, mwenzangu."

"Utafiti! Marehemu mwenyewe hakunifanyia haya. Mimi nilipewa jicho la samaki, Semeni. Jicho!"

"Yule ni ng'ombe, Saleha."

"Ndiyo, na ni ng'ombe wangu. 'Mwenzio usimdhulumu.' Au alikuwa akisema na ukuta?"

Semeni alivumilia. Akasikia maneno yale asubuhi wakati wa kukamua, akayasikia tena jioni wakati wa kukata majani, na kila alipoyasikia aliuona ule mkono mkavu wa Idarusi. Mwisho akaugawa mwani mafungu mawili, akayapima kwa bakuli moja, akamwaga huku na huku. Saleha alisimama pembeni akihakikisha.

Sharti Semeni alilikumbuka, ila kiapo kilikuwa kizito zaidi; wala hakudhani anaharibu kitu. Alidhani mbweu zitapungua horini kote, na chuo kitafurahi mara mbili.

Siku ya majibu Najat alikuja na mwalimu wake, Dokta Mudathir, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa uzi. Waliwavalisha ng'ombe vifuko vya puani vya kunasia gesi, wakasubiri, wakasoma mashine, wakasoma tena.

"Hakuna tofauti," Dokta alisema. "Wako sawa kabisa."

Semeni, ambaye maisha yake yote alifundishwa kwamba usawa ni thawabu, akatabasamu. Kisha akamwona Najat.

Binti alikuwa amechutama akiosha kifuko ambacho kilikwisha kutakata.

"Nyumba nyingine mbweu zimepungua," Dokta alimweleza taratibu, "lakini hii imekataa, na nyumba zenyewe ni chache, za kuhesabu kwa vidole. Hatuwezi kwenda kumwambia mfugaji kitu. Tuufunge tu utafiti, Najat." Akawageukia wajane. "Nyinyi hamna kosa, mama zangu. Mmelishika sharti. Ng'ombe ni wenu."

Saleha akapiga kigelegele, akakikatiza katikati alipoona hakuna wa kukipokea.

Semeni alimtazama binti yule. Siku Semeni alizolala na homa, binti huyo ndiye aliyemchotea maji na kumpikia uji, ingawa alikuja kwa ajili ya ng'ombe tu. Idarusi alimfundisha kugawa kwa wawili. Mizani ina vitanga viwili. Mtu wa tatu akae wapi, marehemu hakusema.

Saleha, aliyemjua vizuri, akamfinya kiunoni. "Nyamaza," alinong'ona. "Nyamaza, dada yangu, wallahi nyamaza."

"Mwani haukukosea," Semeni alisema. "Wote wawili walikula. Niliugawa."

Najat aliacha kuosha kifuko.

"Uliugawa?" Dokta aliuliza.

"Nusu kwa nusu. Tangu mwezi ule mlipouleta."

"Kwa nini, mama?"

Semeni alifikiri jinsi ya kumweleza msomi habari za jicho la samaki, akaona ni safari ndefu. "Niliona mmoja anaonewa."

"Na mwenzako alijua?"

Saleha alikuwa akimtazama jogoo, kwa makini ambayo hakuna jogoo wa Pongwe aliyewahi kutazamwa nayo.

"Hakujua," Semeni alisema. "Ni mkono wangu peke yangu."

Najat alisimama, maji yakimchuruzika vidoleni. "Bi Semeni, unajua wata..."

"Najua, mwanangu. Nyumba yetu iondoe, zile nyingine zibaki. Kazi yako ni nzima."

Dokta alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Sharti ni sharti, alisema, lakini ambaye hakujua haadhibiwi. Bi Harusi atabaki.

Gari lilikuja kumchukua Malkia kesho yake. Alipanda bila ubishi, na pale getini akapiga mbweu moja ndefu ambayo hakuna aliyeipima. Najat alishika mkono wa Semeni, akaubusu, akapanda mbele.

Asubuhi iliyofuata Semeni alikaa kizingitini na chai yake ya rangi. Alisikia maziwa ya Bi Harusi yakipiga ndoo ng'ambo ya ua, kwanza kwa kelele, kisha kwa sauti nzito ya ndoo inayojaa. Akangoja. Hakujiambia anangoja nini.

Baadaye kidogo Saleha akavuka ua, macho chini, amebeba kikombe.

"Nimekuletea ya chai, dada."

Kilikuwa kikombe kidogo, kile cha kahawa.

"Ahsante, mwenzangu," Semeni alisema, akakipokea kwa mikono miwili.